Milioni Moja na Moja

Walaal Yusuf, ndugu yangu,

Ni mimi dada yako Fadumo, yule mwenye mdomo. Leo mdomo umeniishia maneno, ndiyo maana naandika.

Tangu tukuzike, mtaa wetu wa Waberi ni uleule: vumbi, na maji ya kukatikakatika. Ila binti yako Hodan amekua. Jumatatu atasimama mbele ya shule nzima na chati yake: "Milioni moja na moja ni nambari tasa, haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Wamethibitisha baba yangu na eedo." Eedo ndiye mimi, shangazi yake.

Unakumbuka Ramadhani ile? Ulisema kama nambari hiyo inagawika, lazima kigawanyo kimoja kiwe chini ya elfu. Basi tujaribu nambari tasa zote hadi elfu, kwa mkono, simu marufuku. "Mimi hadi tisini na saba. Wewe endelea, Fadumo." Zilizobaki, nambari mia moja arobaini na tatu, ukanitwika mimi! Zako ulizimaliza zote, kila moja ikaacha baki. Mimi swaumu imenikaba, sambusa bado kukaangwa, nikakurudishia daftari: "Nimemaliza. Hakuna."

Sikuwa nimegawanya hata moja, walaal. Hata moja.

Ukafurahi kama mtu aliyepata mapacha. Ukawatangazia wazee wote pale kwenye chai. Nami nikajiambia, kwani nambari itamuua nani?

Juzi, kwa kumwogopea Hodan, niliketi nikaianza kazi yangu. Nikaanza na mia moja na moja, ya kwanza kabisa katika fungu langu. Ikaingia mara elfu tisa mia tisa na moja, bila baki. Ya kwanza, Yusuf! Ningekaa dakika mbili tu siku ile, ningeiona.

Nikalitafuta daftari lako, nimwonyeshe mtoto kwamba sehemu yako haikuwa na kosa. Kwenye ukurasa wa nyuma nikakuta mwandiko wako: 101 × 9901. Na chini yake: "Fadumo hakugawanya. Msitiri."

Kumbe ulijua! Watu wakikuita mwalimu wa milioni, nawe unatabasamu, umebeba uongo wangu mpaka kaburini. Mbona hukunifokea? Ungenifokea ningepumzika. Sasa nina hasira na wewe, na sina wa kumgombeza. Sitara ni jambo jema, lakini hii yako sasa inamwangukia mtoto.

Kesho baada ya alasiri nitamwita Hodan nimweleze yote. Akilia, alie. Akiniita mwongo, aniite, ni haki yake. Naogopa, walaal. Ananipenda sana yule.

Pumzika, ndugu yangu, Mungu akupanulie kaburi. Umenisitiri vya kutosha. Nakuahidi sitamwomba Hodan afute jina langu kwenye chati. Litabaki hapo, na mbele yake ataandika kwa kalamu nyekundu, shule nzima isome: "Hakugawanya."

Dada yako,
Fadumo