Kiboko Niliyempa Mgongo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi goti lako? Na Baba, bado anagombana na daktari juu ya chumvi? Sisi huku Marekani, hapa Bladensburg, tunaamka na kwenda kazini, tunashukuru. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nimejaribu mara tatu, na mara zote nimeishia kukuuliza habari za mvua.

Mama, mimba imetoka. Ilikuwa ya miezi mitano. Leo ni wiki ya tatu.

Uliniambia mjamzito asikodolee macho vitu vya kutisha, mtoto asije akadhurika. Nami kazi yangu, kama ujuavyo, ni kulinda chumba cha vitu vya Misri ya kale katika jumba la makumbusho. Humo mna sanamu ya kiboko wa ajabu: amesimama wima kama mtu, ana miguu ya simba, mgongo wa mamba na tumbo kubwa. Nilikutii. Miezi yote ile nilisimama nimempa mgongo, hata maelezo yake ukutani sikuyasoma. Lakini kabla sijajua kuwa nina mimba nilikuwa nikimtazama sana, tena nikimcheka. Tangu tutoke hospitali nimekuwa nikijilaumu kwa hilo.

Jumatatu nilirudi kazini. Wanjiru, Mkenya tunayepokezana naye zamu, akanikuta nimemkabili yule kiboko, nalia huku namtukana.

"Dadangu, unamwonea tu," akasema. "Huyu ndio alikuwa anaguard wamama wakiwa na ball. Si usome hapo."

Kwao kuguard ni kulinda, na ball ni mimba. Nikasoma. Wamisri walichukua wanyama waliowaogopa kuliko wote, wakawaunganisha katika mwili mmoja wa mama mjamzito, ili ubaya ukimwona ukimbie. Wajawazito walivaa vijisanamu vyake. Nikakumbuka unavyowapaka wajukuu zako wanja usoni mpaka wanatisha, ili jicho la husuda liwapite. Basi nikalia upya, Mama. Hata yeye sikuweza tena kumlaumu, na uchungu ukabaki palepale.

Mkweo Sefu anapika, anafua, ananilazimisha kula. Jambo lenyewe halitaji.

Baba mwambie wewe, mimi siwezi. Nisalimie dada Mwanahamisi na wanawe, na shangazi Rukia aliyekwisha kushona vinguo. Asimpe mtu kwanza.

Ukipiga simu, nakuomba usiniulize nilitazama nini. Niulize alikuwa mtoto gani. Hakuna aliyeniuliza, hata mmoja.

Alikuwa wa kike, Mama.

Mwanao,
Mwanaidi