Chupa Niliyoitikisa

Bhoke mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako bado anauguza mguu, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike.

Umeandika kwamba huko maabara mnaitia plazma, yale maji ya damu, dawa ya kuua vijidudu, halafu mnapima kama bado inagandisha damu sawasawa. Ukaniuliza kama niliwahi kuona damu iliyokataa kuganda.

Wakati ule watu wanakimbilia dhahabu, mdogo wangu Chacha aliangukiwa na jiwe shimoni. Tulimfikisha hospitali akivuja damu. Nesi akaweka damu yake kidogo kwenye chupa, akanipa. "Kaa nayo, narudi kuiangalia. Ikiganda, daktari atampasua. Isipoganda, tutaagiza plazma Musoma kwanza."

Mimi nimekulia zizini, Bhoke. Damu ya ng'ombe ikishakingwa kwenye kibuyu, unaitikisa mpaka inywewe, maana ikiganda umeiharibu. Basi nikakaa naitikisa ile chupa, polepole, kwa uangalifu wote.

Nesi akarudi, akaiinamisha. "Haijaganda."

Tukasubiri gari la Musoma. Chacha hakulisubiri.

Siku chache baadaye nilimwona nesi yuleyule akimpima mtu mwingine. Chupa aliiweka mezani, akakataza isiguswe. Labda ya Chacha isingeganda hata hivyo. Sijui. Mama yetu alikufa sijamwambia.

Wewe ukipima, mama, iache chupa itulie. Na ukimkuta ndugu wa mgonjwa amekaa hapo, mpe kitu kingine cha kushika.

Babu yako,
Marwa