Nilijifunza Dirishani, Sasa Naitwa Mkufunzi

Mpendwa Eeddo Safiyo,

Asalaam aleikum. Wasomaji wako wote wanakuita Eeddo, yaani shangazi, nami nitakuita hivyo ingawa nina miaka hamsini na minne na wajukuu wawili, maana jambo nililo nalo limenifanya mtoto, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, na ukiona mwandiko unarukaruka ujue ni furaha na hofu, zote kwa pamoja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Balambala, mwaka wa ishirini na saba sasa, nashika Gredi ya Tatu, na miaka yote hiyo watoto wangu wamekuwa wakiandika "baka" badala ya paka na "fitabu" badala ya vitabu, nami nawatia alama nyekundu na kusema hawa watoto wa wafugaji akili zao ziko malishoni, kumbe, Eeddo, wanaandika wanachosikia, na wanayemsikia ni mimi, mimi ndiye ninayesema baka, mimi ndiye ninayesema fitabu, ulimi wetu wa Kisomali ndivyo ulivyo na hakuna aliyewahi kuniambia.

Januari bodi ya shule ilimwajiri msichana anaitwa Leyla (majina yetu nimeyabadilisha), miaka ishirini na minne, mkataba wa mwaka mmoja, akapewa Gredi ya Kwanza, mlango wa pili kutoka kwangu. Siku moja nikasikia kelele kule, nikaenda kuzinyamazisha, nikafika dirishani nikakuta watoto hamsini kila mmoja ameshika kipande cha karatasi mbele ya midomo, wakisema "pa!" karatasi inaruka, wakisema "ba!" imetulia, wanacheka, na Leyla naye ameshika yake anacheka, kisha akawaambia washike koo, wakasema "vvv" koo likatetemeka, wakasema "fff" koo likatulia. Nilirudi darasani kwangu, nikageukia ubao watoto wasinione, nikachana kona ya daftari nikaiweka mdomoni, nikasema paka. Karatasi haikusogea. Nikarudia na kurudia mpaka iliposogea, na wallahi niliruka kama mtu aliyefunga bao.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikishaita majina ya watoto wangu na kuwapa kazi, naenda kusimama kwenye dirisha lake na daftari, nikijifanya nakagua bomba la maji, naandika kila anachofanya, narudi nakifanya kwangu, na Eeddo, wanasoma! Watoto thelathini na wanane kati ya arobaini na sita wanasoma ukurasa mzima bila kusukumwa, na mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia sokoni alikuja mpaka mlangoni mwa darasa akaniambia, "Maalim, Idman wangu amenisomea karatasi ya dawa ya kliniki, neno kwa neno," nikalia mbele ya mama wa watu.

Basi mwezi uliopita afisa wa mtaala, bwana Mowlid, akaja kukagua, akawasikiliza watoto, akaniuliza, "Maalim, njia hii umeitoa wapi?" Nikasema, "Uzoefu tu." Akalichukua daftari, "Na haya umeandika wewe?" Nikasema, "Mimi." Na kweli nimeandika mimi, mkono ni wangu, lakini wewe unajua na Mungu anajua. Akaenda akalichapisha, kurasa kumi na mbili, jina langu juu, nakala zimefika hadi Liboi na Eldas, walimu nisiowajua wananipigia simu, na Jumatatu nimeitwa kituo cha walimu mjini Garissa niwafundishe walimu arobaini kwa siku mbili, naitwa mkufunzi, mimi ambaye miaka ishirini na saba sijawahi kuitwa popote, na mke wangu Shamso ameshaninunulia shati jipya.

Lakini juzi mwalimu mkuu alitangaza ofisini kwamba bodi haitaongeza mkataba wa Leyla mwaka ukiisha, eti hawaoni alichofanya cha kumtofautisha na wengine. Leyla alisikia, akachukua chaki zake, akaenda kufundisha. Nikisema ukweli mvi zangu zitaaibika mbele ya walimu wa kaunti nzima, nikinyamaza sijui nitamwangaliaje binti wa watu. Nifanye nini, Eeddo?

Mwalimu Abdirizak, Balambala

Maalim Abdirizak,

Wa aleikum salaam. Hongera, na hiyo ni hongera ya kweli. Mtu wa makamo anayegeukia ubao na kipande cha karatasi ili ajifunze upya kusema paka, namheshimu. Wengi wa rika lako wangeenda tu kufunga lile dirisha.

Sasa kaa vizuri upokee lililobaki. Uliiba. Usiniambie mkono ni wako, hata mwizi hutumia mkono wake mwenyewe. Kujifunza kwa msichana mdogo hakukukuondolea heshima hata chembe. Kilichokuondolea ni lile neno moja ulilomwambia Mowlid. Unazihurumia mvi zako, na huku binti anapoteza kazi kwa kukosa sifa ambayo umeivaa wewe kama hilo shati la Shamso!

Tena nikuulize la kikazi. Jumatatu mwalimu mmoja atainua mkono akuulize kwa nini hatua hii inatangulia ile. Utamjibu nini, wewe uliyekuwa nje?

Fanya hivi. Leo, kabla ya alasiri, nenda kwa Leyla, mwalimu mkuu akiwepo. Usianze na hadithi za bomba. Sema: nimechukua kazi yako nikaitia jina langu. Kisha funga mdomo, akasirike atakavyo, ni haki yake. Ukitoka hapo mpigie Mowlid, mwambie jina libadilishwe na mkufunzi wa Jumatatu ni Leyla. Garissa utakwenda, lakini kama mwanafunzi wake, uwaeleze wenzako watoto wako wamesoma vipi. Halafu iandikie bodi barua kuhusu mkataba wake, na mkono huo huo uandike ukweli. Ukimaliza, omba kiti ndani ya darasa lake. Umri wako si wa kuchungulia.

Eeddo Safiyo

(Jibu hili nilimtumia mwalimu kwa simu, maana Jumatatu haikungoja gazeti. Wiki iliyofuata aliniandikia tena, nami nachapa barua zote pamoja.)

Eeddo, nilienda. Nilisema kama ulivyoniambia. Leyla alinitazama, akafungua mkoba, akatoa nakala ya zile kurasa kumi na mbili. Zimejaa wino mwekundu.

"Maalim," akasema, "umeanza katikati."

"Katikati vipi?"

"Hatua ya kwanza ni sikio. Dakika kumi watoto wanasikiliza tu, mimi nasema maneno, wao wanainua kidole wakisikia sauti imebadilika. Mdomo unafuata, halafu herufi. Kwako sikio halipo kabisa."

Ni kweli. Nilikuwa nafika dirishani nikishaita majina, yeye ameshamaliza sehemu hiyo. Nikawakumbuka wale wanane wangu waliokwama, nikaelewa kwa nini.

"Ulijua nasimama pale?" nikamuuliza.

"Kila siku. Nilikuwa nakungoja uingie."

"Na ulipoona jina langu?"

"Nililia," akasema. "Halafu nikasahihisha, kwa sababu wenzetu wangefundisha makosa."

Mowlid alinisema kwenye simu mpaka nikatamani ikatike, lakini jina alilibadilisha. Jumatatu nilisimama mbele ya walimu arobaini nikawaambia nilichofanya. Wawili walicheka. Mzee mmoja wa Liboi, ndevu zake zimepakwa hina, hakucheka, aliuliza tu, "Hiyo karatasi iko wapi?" Leyla akawagawia. Ungewaona, Eeddo! Watu wazima arobaini, karatasi midomoni, "pa! pa! pa!", mpaka wapishi wakatoka jikoni kuangalia, na yule mzee yake iliporuka akapiga meza akasema, "Mashallah, miaka thelathini!"

Bodi imempa mkataba mwingine, na shule tatu zimemwomba azitembelee. Ameondoka leo, ataanza na Liboi. Mimi nimeachiwa Gredi ya Kwanza mpaka arudi, watoto hamsini na kelele zao, na asubuhi tumefanya sikio. Kazi yangu ilikuwa kutaja neno moja, kisha kutulia niwaache wasikie. Dakika kumi, Eeddo. Sijawahi kufundisha somo gumu kama hilo, na kesho nitalifundisha tena.