Mguu wa Kushoto wa Mzee Abubakar

Changamwe, Mombasa
Jumapili

Mdogo wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote huko Amu? Mama magoti yamuuma bado, au mvua imekwisha na maumivu nayo yamekwenda zake? Mwambie nashika maguu. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila usiniulize habari ya mgongo wala habari ya roho. Mgongo umechakaa kwa kulala chini ya gari, na roho ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana nisipoyasema haya nitapasuka.

Najua mwajiuliza mbona sijafika. Ami ameniandikia mara mbili. Barua ya kwanza alitaka nije upesi, kwa kuwa baba hayupo na mimi kaka yako ndiye walii, ndiye wa kukuoza. Ya pili hataki tena nije. Ataka nimwandikie karatasi ya uwakala, akuoze yeye Ijumaa hii baada ya sala, mambo yaishe. Nawe umeniandikia kurasa nzima za paka aliyezaa juu ya kabati, na jirani aliyekosana na fundi wa milango, na habari ya huyo bwana harusi ukatia mstari mmoja tu: "Watu wamekubali." Watu gani, Zuhura? Nimeisoma barua hiyo mpaka imekatika kwenye mikunjo. Nikasema huyu lazima nikamsikie kwa masikio yangu mwenyewe.

Basi nikamwendea tajiri yangu, Bwana Katana, mwenye gereji hii ninayofanyia kazi, nikamwomba ruhusa. Akaniambia, "Nenda, nani amekuzuia? Maliza tu lile gari la Mzee Abubakar." Lo! Laiti ningalilijua gari lenyewe, ningalikimbia siku ile ile na ovaroli mwilini.

Mzee Abubakar ni mstaafu wa bandarini, akaa Mishomoroni. Gari lake ni la spoti, la zamani, milango miwili, limeinama hata kuku hapiti chini yake. Alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na tangu hapo haoni kingine duniani. Ndani ametandika busati, amefukiza udi, na viatu havikanyagi humo. Yeye mwenyewe akifika mlangoni huvua makubadhi, akayaweka kiti cha pili, akaendesha kwa miguu mitupu. Wallahi nimeona watu wakiingia msikitini kwa adabu ndogo kuliko ile.

Ugonjwa wa gari ni klachi. Ukikanyaga pedali yaenda chini moja kwa moja na hairudi, na ukilazimisha gia zapiga kelele hadi wapita njia wanageuka. Klachi ya gari lile haivutwi kwa waya, yasukumwa kwa mafuta, yale yale ya breki. Kuna silinda ya juu, hapo penye pedali, na silinda ya chini ubavuni mwa giaboksi, na bomba linaloziunga. Ukikanyaga, ya juu yasukuma mafuta, ya chini yasukuma klachi. Basi. Mafuta yakipungua kwenye kikopo chake, ujue pana mahali yavuja. Tafuta palipolowa, ziba, nenda ukamwoze dada yako. Ndivyo nilivyodhani mimi, maskini ya Mungu.

Nikaingia shimoni chini ya gari, nikaona unyevu kidogo kwenye silinda ya chini. Nikatia raba mpya, nikatoa hewa bombani, pedali ikapanda vizuri. Mzee akaondoka akinipungia mkono, nami nikaenda kufunga begi. Sijanunua tikiti, gari hilo larudi linasukumwa! Kikopo kitupu. Nikasema ni lile bomba la mpira, limechoka. Nikalibadilisha. Gari likarudi. Bwana Katana akanitolea macho, "Fundi gani wewe? Shusha giaboksi, mafuta yaingia huko ndani." Nikamwambia silinda iko nje, mafuta yataingiaje ndani? "Nani tajiri hapa?" Haya, nikashusha giaboksi. Kukavu, vumbi tupu. Nikairudisha, na siku hiyo hiyo ndipo barua ya pili ya ami ikafika.

Na balaa kubwa ni mzee mwenyewe. Hataki fundi aketi kwenye kiti chake na nguo za grisi. Kwa hivyo mimi niko shimoni na tochi, yeye yuko juu kitini, mguu kwenye pedali.

"Finya, mzee!"

"Nimefinya!"

"Shikilia!"

"Nashikilia, lakini fanya hima, mguu waniwasha."

Kila siku mguu wamuwasha. Wa kushoto. Gereji nzima twaijua habari ya mguu huo: ni ukurutu, asema, umemwanza karibuni, ngozi yambabuka, amepaka dawa ya hospitali, amepaka mafuta ya habasoda, amesomewa na kutemewa mate. Nasi twamwitikia, "Pole mzee, Mungu atakuafu," kisha twarudi kutafuta mafuta chini ya gari. Hebu niambie, pana wajinga kutushinda sisi?

Jana gari likarudi tena. Mzee akashuka na ghadhabu zake, hata makubadhi akasahau kuvaa. Aenda, arudi, juu ya saruji. "Mtanizika mimi, na gari hili bado lavuja!" Mimi nimeinamisha kichwa kwa haya, macho chini, na hapo ndipo nilipoona. Mguu wa kulia wapita hauachi kitu. Wa kushoto wachapa unyayo mzima, umelowa, wang'aa. Nikapiga magoti, nikagusa kwa kidole, nikanusa. Mafuta ya breki.

"Mzee, nipe mguu wako."

"Nini?"

"Mguu. Wa kushoto."

"Athman, una wazimu wewe?"

Nikamshika mguu, nikaunusa mbele ya watu. Gereji yote ikaangua kicheko, Bwana Katana akashika ukuta asianguke. Sikuwajali. Nikavua mabuti, nikavua ovaroli, nikabaki na kaptula ili mzee asipate neno, nikaingia garini na kulipindua lile busati. Yaa Rabi! Chini pamelowa chepechepe, rangi ya bati imevimba na kubanduka, maana mafuta yale hula rangi, na ngozi ya mtu pia hayaiachi. Nikapitisha kidole nyuma ya pedali, mafuta yateremka pole pole. Silinda ya juu raba yake ya nyuma imekufa, na badala ya kuvujia nje tukaona, yavujia ndani, juu ya pedali, juu ya mguu wa mzee, na yanayobaki yanywewa na busati. Harufu nayo imefunikwa na udi. Wiki zote hizi twamuuliza aliye juu kama amefinya, hakuna aliyeingia kutazama.

Mzee akautazama mguu wake. "Basi dawa zote zile..." akasema, akaanza kuupangusa. Siku nyingine ningalicheka.

Nikadhani nimeokoka. Kumbe raba ya silinda ile haiko Mombasa nzima, mpaka iagizwe Nairobi, na Nairobi nako wakaitafute. Nikasema, basi nakwenda Amu, nitaifunga nikirudi. Bwana Katana akasema hapana, aliyefungua ndiye afungaye. "Si uandike hiyo karatasi, ami yako aozeshe? Kuna tofauti gani?" Nikamgeukia Mzee Abubakar, mtu wa dini, nikitaraji ataniokoa. Naye, huku apangusa mguu, akaniambia, "Uwakala wajuzu, mwanangu. Sheria yakubali." Wajuzu! Nani aliyesema haujuzu? Bwana Katana akachomoa kalamu mfukoni, akanitia mkononi. "Haya, andika."

Kalamu ndiyo hii ninayokuandikia.

Uwakala sikuandika. Nimewaambia Jumanne naondoka. Bwana Katana akajibu nikitoka nisirudi, nami nikamwambia haya, inshallah nitapata pengine, gereji zimejaa mpaka Miritini. Kusema kweli naogopa, maana kazi si rahisi kupata, lakini nimeshasema na sirudi nyuma.

Barua hii nampa Bi Rukia, jirani yangu hapa, asafiri kuja huko kesho alfajiri. Nimemwapisha aitie mkononi mwako, si mkononi mwa ami. Mimi sikupata nafasi, basi la kesho limejaa, na njia ile unaijua, magari hungoja askari yaende kwa msafara, huenda nikachelewa.

Nisalimie shangazi yetu wa ukuta wa pili, na mwalimu wetu wa chuoni kama macho yake yamepoa, na huyo paka mzazi. Ami pia msalimie, kwa heshima zote, umwambie nimepata barua zake.

Na wewe sasa, sikiliza. Siku ya idhini watakuja mlangoni mwako na mashahidi, wakuulize. Ukinyamaza watatoka wakifurahi, kwa kuwa kimya cha mwari huhesabiwa ndiyo. Sina ugomvi na hilo. Lakini wao hawakukulea. Mimi nakujua tangu una meno ya utotoni: ukitaka kitu husikika nyumba nzima, na usipotaka ndipo unaponyamaza. Kwa hivyo ikiwa sijafika, nakuomba, usinyamaze. Sema kwa sauti, "Namngoja kaka yangu." Nikifika nitawatoa wote nje, nikuulize mimi. Na utakalonijibu, liwe lolote, ndilo nitakalokwenda kuwaambia.

Ni mimi nduguyo niliye njiani,
Athman