Shingo ya Nzai

Muyeye,
Malindi.
11 Machi, 2025.

Mpendwa ndugu yangu Lewa,

Marahaba. Najua hukuniamkia, lakini nimeitikia, maana mimi ndiye mkubwa na siwezi kungoja mpaka ukumbuke. U hali gani huko Doha? Kazi ya kusimama mlangoni usiku kucha inakwendaje? Mapenzi mkeo aliniambia jino linakusumbua. Kama bado, ling'oe. Jino halisikii maneno.

Sisi tuko. Joto la mwaka huu limezidi. Mvua hakuna, na kisima cha jirani kimegeuka chumvi tupu. Mimi bado nabeba mawe kwenye mjengo, sasa tuko upande wa uwanja wa ndege, ghorofa ya Mtaliano mmoja. Naandika saa ya kula. Karatasi ikiwa na vumbi la saruji, ikung'ute usome.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Nyumba yangu unaijua. Mtu akikohoa chumbani, walioko uani wanasema pole. Nikikupigia, Mangi anasikia na mwanao Nzai anasikia, na maneno yenyewe ni yao; hapa mjengoni nako ni kelele tupu. Kwa hiyo nampa Mwambire wa Mambrui, anarudi huko kwenu Ijumaa. Isome peke yako.

Kwanza nikupe habari za mwanangu, maana hujamuulizia tangu Krismasi. Mangi yuko vile vile. Kutoka kifuani kwenda chini hakuna kitu. Mabega anainua, mkono wa kulia unakunja kidogo, vidole havishiki. Kidonda cha kiunoni kilifunga, tukafurahi, kikafunguka tena. Mpira wa mkojo ukiziba anaumwa kichwa mpaka macho yanakuwa mekundu, na hapo ni mbio. Na joto hili, Lewa. Mwili wake umesahau kutoa jasho. Nikitoka asubuhi naacha leso ya marehemu mke wangu Sidi imelowa maji kifuani mwake, na ikikauka Nzai anailowesha tena. Yule uliyekuwa ukimwita tingatinga, leo nambeba peke yangu kama mfuko wa saruji. Saruji ni nzito kuliko yeye.

Sidi aliyaweza haya mwaka na kitu, halafu moyo ukamkatalia. Ulituma pole. Tuliipata.

Sasa nikuambie jambo ambalo hujalisikia kutoka kinywani mwangu. Siku ile ya Kikambala mimi sikuwako, nilikuwa kazini. Wewe ulikuwako. Wengi wamenisimulia, na wote wanasema neno moja. Timu ya Mangi ilishuka kutoka Nairobi kuja kucheza raga nyuma ya ile hoteli, watu wamekuja na watoto na mihogo ya kukaanga kama sikukuu. Mangi akamwendea mtu mwenye mpira, akainamisha kichwa, goti la yule mtu likamkuta. Wengine wakaanguka juu yao. Walipoinuka wote, yeye hakuinuka. Ndipo ukaingia uwanjani mbio, wewe na vijana wengine, ukamshika kwapani, ukamkalisha. Ukamwambia, "Inuka, mwanamume, watu wanakutazama!" Watu wakapiga makofi. Kichwa kikamwangukia kifuani kama cha kuku aliyechinjwa.

Kwetu mtu akianguka huinuliwa. Hata mlevi. Kumwacha chini ni kumtukana. Labda hata mimi ningefanya hivyo hivyo. Daktari alisema huenda uti wa mgongo ulikatika pale pale chini, huenda ulikatika alipokalishwa. Hakuna ajuaye na hatajua mtu. Lakini timu nzima ya watu wanaolipwa kugongana haikuwa na hata ubao wa kumlazia aliyevunjika. Mwanangu alipelekwa hospitali nyuma ya pikapu ya hoteli, juu ya mashuka machafu.

Sikukulaumu miaka yote hii na leo sikulaumu. Siku ile hukujua. Leo unajua. Ndiyo tofauti, na ndiyo maana naandika.

Yule Joram wa timu alikuja hapa Jumamosi, tarehe mosi. Gari imebaki barabarani, akaingia na viatu vyeupe. Ameleta jezi ya Mangi imewekwa ndani ya kioo, jina limeandikwa kwa dhahabu, anataka niitundike. Nikamuuliza nitundike wapi, ukuta wangu ni wa udongo, msumari ukiingia unatokea kwa jirani. Mshahara wa Mangi ulikatwa msimu ule ule. Watu wa bima wakasema wanalipia mechi za ligi tu, ile ya Kikambala ilikuwa ya kirafiki. Kirafiki! Sasa baada ya yote, kioo.

Joram akaanza. "Mzee, Mangi ni shujaa wetu. Hatumsahau hata siku moja."

Nikamwambia, "Vizuri, umefika saa ya kumgeuza. Shika miguu."

Akashika. Unajua ile miguu huruka yenyewe, mwenyewe hana habari. Mguu ukaruka, Joram akauachia, akarudi nyuma mpaka akapiga ndoo ya maji. Mangi akacheka mpaka akakosa pumzi. "Joram bwana, mguu tu huo, unakimbia? Na hauna hata timu!" Nzai akaja akaushika, tukamgeuza. Joram amesimama pembeni anafuta viatu.

Halafu akasema kilichomleta. Wanamtaka Nzai. Wamemwona akicheza mashindano ya shule, wamemwona tena Mombasa. Watampa mkataba, chumba Nairobi, na chakula. Mkeo Mapenzi nilimpigia kule Kikambala anakofua nguo za wageni. Alilia kidogo, akasema yeye hana neno, neno ni la baba yake Nzai. Joram akaniambia mmeshazungumza kwa simu, na wewe ulifurahi ukasema mtoto huyo ana damu ya mchezo. Kweli ulisema hivyo, Lewa? Damu ya mchezo? Basi na mimi nimeiona damu ya mchezo. Nimeifua kwenye mashuka.

Akasema pia atakupigia mwisho wa mwezi upate kutoa neno la mwisho. Kwa hiyo barua hii sharti iwahi.

Sitamsema Nzai vibaya. Mwanao ni kijana mzuri, na wewe hujui vile alivyo mzuri kwa sababu hujakaa naye. Tangu amalize shule ndiye anayemwogesha Mangi, ndiye anayemnyoa ndevu. Hana kinyaa. Amekua, amenipita kimo, na ana ile shingo ya marehemu baba yetu, nene mpaka masikioni. Ni haki, amebeba jina lake. Wangu wa kwanza aliyepewa jina hilo alikufa hata hajaota meno. Kwa hiyo Nzai ni mmoja tu. Nikimwita nyumbani huwa namwita baba.

Jioni wanafanya mazoezi uani. Nzai amejaza mchanga kwenye gunia, amelisimamisha mbele ya choo, analiendea mbio analikumbatia wanaanguka wote. Mangi amewekwa kwenye kiti chake mlangoni, yeye ndiye mwalimu. Anapiga kelele mtaa mzima unamsikia. "Unainama kama mchimba mihogo! Macho juu! Bega kwanza! Hilo gunia limekutukana mama, unalibembeleza?" Watoto wa jirani wanacheka. Nzai anarudia.

Siku moja nikashindwa. Nikamwambia Mangi anyamaze, haoni aibu?

Akanijibu, "Baba, mimi niliingia kichwa chini. Namfundisha asiingie kichwa chini."

Nikamwambia, "Na yule atakayemwangukia juu amefundishwa na nani?"

Akalitazama gunia. Nzai akalisimamisha tena. Kisha Mangi akasema kwa sauti, wote tusikie, "Aende. Angepewa shingo mpya mtu kama mimi, ningerudi kesho." Basi nikajua nimeshindwa. Mbele ya mtu kama yule utasema nini? Wewe una shingo yako, umesimama.

Lakini sikiliza.

Jumapili Nzai alikwenda Mambrui kumwona Kadii, binti yangu, amejifungua. Tulibaki mimi na Mangi. Nilikuwa namlisha uji. Akafunga mdomo, nikadhani umemchoma. Akasema, "Baba, mwandikie baba mdogo. Mwambie akatae."

Nikaweka kijiko chini. "Kwani juzi si ulisema aende?"

"Nilisema. Nzai alikuwapo."

"Basi mwambie mwenyewe. Wewe ndiye anayekusikiliza."

Akasema, "Nikimkataza mimi ataona namwonea wivu miguu yake. Na labda ni kweli. Sitaki kujua. Wewe mwandikie baba mdogo, akatae yeye, na jina langu lisitajwe."

Nikamuuliza na haya mazoezi ya kila siku ni ya nini, gunia, kelele. Akasema kama akienda licha ya yote, angalau awe anajua kuinua macho. Halafu akalia. Sijamwona Mangi akilia tangu hospitali, hata mama yake tulipomzika hakulia mbele yangu. Kulia kwake ni kubaya kwa sababu hawezi kujifuta. Machozi yanaingia masikioni. Nikamfuta kwa leso, nikamaliza kumlisha.

Basi ndiyo hayo, na haya ndiyo ninayotaka ufanye. Joram akipiga simu, kataa. Usiseme utafikiria. Usiseme baada ya Pasaka. Wale watu ukiwaachia ufa wa mlango wanaingia na gari. Sema hapana, ukate simu.

Kisha mpigie mwanao umwambie mwenyewe. Atakuuliza kwa nini. Usimtaje Mangi, hata kidogo, hata akikubana. Sema ni mimi. Sema, "Kaka yangu amekataa, na yeye ndiye mkubwa, siwezi kumpita." Ni kweli hata hivyo, hutakuwa umedanganya. Sema amezeeka, amekuwa mchungu tangu afiwe, hana akili ya mambo ya siku hizi. Sema lolote juu yangu. Nitakuwa nimekaa hapo hapo namtazama, na sitajitetea.

Najua utakalolisema. Utasema nampa nini badala yake? Hapo umenishika. Sina cha maana. Fundi wetu anatafuta kijana wa kujifunza mabomba, nimeshamwombea. Ni kazi ya matope na matusi. Hakuna atakayempigia makofi kwa kuunganisha bomba, wala hakuna jina la dhahabu. Utasema pia wako wengi wanaocheza miaka kumi wanarudi wazima na nyumba za mawe. Wako, nimewaona kwenye simu ya Mangi. Sisi tulikwisha kumtoa mmoja. Watu wengine na watoe wao.

Na kama barua yangu haikutoshi, kama bado moyo unakutuma useme ndiyo, basi omba likizo uje. Usikae hotelini wala kwa Mapenzi, kaa hapa Muyeye. Utamgeuza Mangi mchana na usiku, utamtoa haja kwa mkono wenye glavu, utamkamata miguu ikiruka. Yeye atakuchekesha, bado ana mdomo, na hatakukumbusha Kikambala. Hajawahi kukusema. Mtu akianza kulitaja jina lako yeye husema, "Baba mdogo alitaka niinuke tu." Ukishayafanya hayo, useme ndiyo yako ukiwa umesimama karibu na kitanda chake. Hapo sitakupinga.

Nzai atanichukia. Nalijua hilo. Ataondoka nyumbani kwangu pengine, na mimi nitabaki na Mangi na mgongo wangu huu, maana bila yeye sijui nitamgeuzaje mtu nikiwa kazini. Nimelifikiria mpaka kichwa kikauma. Sawa. Anichukie. Anichukie akiwa amesimama.

Kadii amepata mtoto wa kike, wote wazima, anakusalimu sana na mumewe. Mapenzi hajambo, mpigie hata bila sababu. Nisalimie vijana wa Kilifi mlio nao huko, yule mrefu hasa aliyetuletea tende. Mangi amesema nikusalimu, na hilo amesema kwa sauti. Nzai naye anakusalimu, hajui kama naandika. Sasa hivi yuko nyumbani analowesha leso.

Fundi ananiita, saa ya kula imekwisha. Mungu akutunze katika jua la watu, akuepushe na maneno matamu, akurudishe nyumbani kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi kaka yako, nakupenda ingawa leo sikuandika kama mtu anayependa,

Tsuma Nzai