Chokaa ya Moyoni

Mama Anna, mke wangu,

Nakusalimu kutoka Morogoro. Leo milima ya Uluguru imejifunika ukungu, nami nakutamani.

Ule uvimbe wa moyo tulioogopa kuwa ni saratani, kumbe sio. Daktari wa hospitali mpya ya binafsi ameupima tena kwa altrasaundi, akaniambia: "Mzee wangu, hii ni chokaa iliyojikusanya kando ya vali, kilango cha damu moyoni. Ukingo mgumu, ndani laini kama dawa ya meno. Hatupasui, tutaiangalia tu."

Mtani wangu Mnyamwezi, aliyenisindikiza, akaangua kicheko: "Mluguru gani wewe! Wenzio wanapaka chokaa nyumba zao kule mlimani Mgeta, wewe umepaka moyo!"

Nilicheka, kisha nikautazama mlima. Miaka yote hii ya kuishi ugenini, huko mlimani kwetu sina hata ukuta wa kupaka.

Njoo tujenge, mpenzi. Chokaa ninayo.

Mumeo