Nywele za Wanawake wa Karthago

Jumatatu, 7 Juni 1993
Msamala hadi hospitali ya misheni tena, kwenye lori, juu ya magunia ya mahindi. Baridi. Mgongo umekwisha. Tangu kiwanda kitupunguze nauza mitumba, leo hata meza sijafungua. Mdogo wangu Agata bado anakataa kupasuliwa. Uvimbe tumboni unakua, daktari ameonya, yeye anataka arudi kijijini Maposeni akavune.
Nimemwanzishia Karthago ili asahau maumivu. Mji mkubwa wa zamani, kaskazini kabisa ya Afrika. Ulitawala bahari. Tembo wa vita walilala ndani ya kuta. Nikasema nimefika. Karibu nimefika: darasa la sita padre alituonyesha picha, ukurasa mzima. Wodi yote ikageuza shingo. Kuanzia Madaba hadi Tunduru hakuna msimuliaji wa kunifikia.

Jumanne, 8 Juni
Nimelala kwenye mkeka, jikoni kwa wauguzaji. Kulala gani. Leo Warumi wamewanyang'anya watu wa Karthago silaha, kisha wakawaamuru wahame. Wakagoma.
Agata akakaa kitako. "Wabishi kama mimi." Akamaliza uji. Nilijiona mganga.

Jumatano, 9 Juni
Nimeharibu. Kwa mdomo wangu huu.
Nilifika pale mji umezingirwa, kamba za mitambo ya kurushia mawe zimekwisha. Wanawake wakanyoa nywele zao, wakasokota kamba. Kwangu ushujaa mtupu. Nilisimama kabisa nikaonyesha wanavyosokota.
Wodi ikanitazama kama nimeingiza jeneza. Kwetu mwanamke ananyoa akishazika. Nilisahau. Agata akajishika kichwa, akauliza nani amekufa. Nikasema bado. Bado! Akageukia ukutani.
Mama Zuhura wa kitanda cha pili, Myao wa Tunduru, mtani wangu: "Wewe Mngoni, umekuja kuuguza au kuanua matanga?"
Uji umerudi jikoni mzima.

Alhamisi, 10 Juni
Daktari anataka jibu leo. Agata hasemi na mimi. Nimeogopa. Mwisho wa Karthago naujua.
Nikausimulia mwingine, nikiuambia mgongo wake. Kamba zikafungwa. Mawe yakaruka makubwa kama nyumba. Warumi wakakimbia, wengine bila viatu. Nywele zikaota upya.
Mama Zuhura akaniangalia sana. Kisha akauliza, "Ndefu?"
"Mpaka kiunoni."
Agata akageuka. "Kamba zilishika?"
"Zilishika."
Akasema basi, mwiteni daktari. Nikatoka nje nikakaa chini.

Ijumaa, 11 Juni
Benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Watu waliniomba hadithi, sikuwa nayo. Ametoka hai. Mama Zuhura alimtuma bintiye na chai, bila hata tusi moja. Nikajua na yeye aliogopa.

Jumatatu, 14 Juni
Amekunywa uji kidogo. Nimechoka mpaka kwenye meno.
Akaniuliza polepole, "Kaka, ule mji ulichomwa, au siyo?"
Nikasema ulichomwa.
"Nilijua tangu zile nywele." Akavuta shuka. "Na kamba?"
Nikamwambia zilishika. Miaka mitatu Warumi wako nje, hawaingii. Hiyo padre mwenyewe alisema.
Akataka kitana. Nimeazima cha Mama Zuhura. Nimemchana mimi, vibaya. Hakulalamika. Amelala nikiwa nimechana upande mmoja tu.